Siku moja na kigoda changu Kilimanjaro

Saa 11 alfajiri, kambi ya Karanga. Maji ya chupa yameganda ndani ya hema. Sisi wapagazi wa mlima huu tunajiita wagumu, na katika msafara wa wageni wenye nazo huwa kuna mgumu mmoja ambaye hapigwi picha. Ndiye mimi. Nabeba choo.

Choo kweli: kiti cha plastiki chenye tangi chini yake, na hema jembamba la kukisitiri. Naenda kumwaga kwenye choo cha shimo cha kambi, nasuuza, nafunga. Mizani ya getini inaangalia tu kama mzigo umepita kilo 20, haiulizi kilichomo. Bibi yangu kule Kibosho aliwahi kuniuliza nabeba nini huko juu. Nikamwambia, kigoda. Akacheka kwa furaha, maana yeye ndiye aliyenilea na hadithi ya Murile, kijana aliyekalia kigoda cha baba yake, akakiimbia, kikapaa naye mpaka mwezini.

Saa 1, uji. Saa 2, kiongozi anatupanga mstari tuwaimbie wageni. Tunaimba na kucheza na midomo imekauka kwa baridi, wao wanarekodi. Wengi hudhani ndizo nyimbo za kwetu. Sawa.

Sasa sikilizeni adha ya kazi hii. Wenzangu wakishafunga mizigo wanaondoka. Mimi nasubiri mgeni wa mwisho amalize, kisha nisafishe, niwapite wote njiani, nikifika nisimamishe hema kabla hawajatokea. Leo kuna bwana mmoja mrefu, tumbo limemgeuka kwa ajili ya mwinuko. Ameingia, ametoka. Nimesafisha, nimefunga, nimejitwisha. Amekwenda hatua kama thelathini, kageuka. Nimetua, nimefungua, nimesimamisha hema upya, upepo unaling'ang'ania kama fisi. Katoka, kanishukuru, nimefunga. Nikiwa nakaza kamba ya mwisho naona kofia yake nyekundu inarudi tena. Mara ya tatu hata kiongozi aliangalia pembeni. Simlaumu yule bwana, ugonjwa hauombi ruhusa. Ila saa 4 ilinikuta bado Karanga, peke yangu na kunguru.

Nilipanda nikikimbia pale panapokimbilika. Karanga iko karibu mita 4,000, kambi ya Barafu tunakokwenda 4,673, na kila pumzi unailipia. Kupanda na mzigo sikufundishwa na kampuni. Mama anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, anapanda nayo kichwani, miaka yote. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kilitosha migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini. Kikagawiwa baba na ndugu zake, kikagawiwa tena. Kwa mila yetu Wachaga anakumbukwa wa kwanza na kitinda mimba. Mimi ni wa tatu kati ya watano. Nimebaki na mlima.

Niliwapita wageni kwa hatua mia hivi. Hema lilisimama. Yule bwana akaingia moja kwa moja.

Barafu haina maji, ndiyo siri wasiyoijua wanaokunywa chai pale. Mchana tunashuka tena Karanga na madumu, tunachota mtoni, tunapanda upya na lita 20 mgongoni. Saa ngapi sikuangalia. Najua jua lilikuwa nyuma ya kilele cha Kibo na magoti yalikuwa yanaongea. Hapo ndipo huwa namwimba Murile, kimoyomoyo, maana pumzi ya sauti haipo. Huko juu alikutana na wakata kuni, wakata majani, wachota maji, akiwauliza njia ya kwa mfalme wa mwezi, nao wakamwambia kwanza utusaidie kazi. Akawasaidia. Bibi alikuwa anawataja mmoja mmoja bila haraka, na mimi kitandani nilikuwa namwomba aruke hao, afike kwa mfalme. Leo nikiwa na dumu mgongoni ndipo nawaelewa wachota maji.

Usiku tumebanana hema la jikoni, ugali, kabichi na dagaa, stovu ikiunguruma. Mawenzi, kilele jirani ya Kibo, ilikuwa imeonekana yote jioni, kwa hiyo ubishi ukaanzia hapo. Wa Marangu anasema Kibo alikuwa anatwanga ndizi kavu Mawenzi alipokuja kuomba moto mara ya tatu, akampiga na mchi, ndiyo maana ana meno meno vile. Mimi nasema hivyo hivyo, ila kwetu Mawenzi alikuwa anauzima moto makusudi ili arudi kupewa ndizi. Mpare mmoja akauliza sasa mwenye kosa nani. Hatukukubaliana.

Wakadai Murile. Nikaanza tangu lile gimbi lililogeuka mtoto, nikafika mwezini, watu wa huko wanakula vyakula vibichi kwa kuwa hawajui moto. Vijana wametulia, hata mpishi ameacha sufuria. Murile anamuuliza mfalme, nikikupa kitu cha kuivisha chakula utanipa ng'ombe wangapi?

Nje zipu ikavutwa. Taa ya kichwani, kofia nyekundu.

"Samahani, rafiki. Toilet?"

"Karibu," nikasema, nikatafuta viatu vyangu gizani.

"Wangapi?" mpishi akauliza nyuma yangu. "We, ng'ombe wangapi?"