Kiyoyozi cha Mama: hesabu niliyoipiga dukani Mtwara

Mama ameishi Newala maisha yake yote, kule juu ambako usiku mtu anajifunika blanketi. Alipoanza kliniki ya presha hapa Mtwara mjini, nilimwomba ahamie kwangu Chikongola. Ilikuwa Novemba. Usiku wa tatu niliamka saa nane nikamkuta amekaa kitandani, khanga imemganda mgongoni kwa jasho, pangaboi linazungusha hewa ileile ya moto. "Mwanangu, huku mnalalaje?" aliniuliza. Nilikosa la kumjibu.

Kaka yangu alipolipwa pesa ya korosho alinitumia laki sita, nami nikaongezea akiba yangu. Tukakubaliana kununua kiyoyozi cha chumba cha Mama tu. Bei ya mashine haikunitia hofu kama LUKU. Nikinunua umeme wa 10,000 napata uniti 28 hivi, yaani uniti moja ni kama shilingi 356, kodi zikiwa ndani. Na kama uko kwenye lile kundi la wanaonunua kwa bei ya chini kwa sababu hawazidi uniti 75 kwa mwezi, lifikirie hilo kabla ya kununua, kwani kiyoyozi kinaweza kukutoa humo mwezi wa kwanza tu.

Dukani nilikuta mashine za BTU 9,000 na 12,000, BTU ikiwa ni kipimo cha nguvu ya kupoza. Chumba cha Mama ni mita tatu kwa tatu na nusu, na 9,000 kinatosha. Muuzaji alinisukuma nichukue 12,000 "kwa usalama". Nilikataa, na ninafurahi nilikataa. Mashine ya kawaida ikizidi chumba hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, na kwetu pwani unyevu ndio unaomkosesha mtu usingizi.

Kilichonichanganya ni stika. Moja ilikuwa na nyota, kama zinavyotumika India, na hapo nyota nyingi ndiyo bora. Nyingine ya Ulaya ilikuwa na herufi, A juu kwenye kijani, chini nyekundu. Ya tatu ilitoka China, ina namba 1 hadi 5, na hapo 1 ndiyo bora kuliko zote. Mtu aliyezoea nyota akiiona hiyo 1 ataiacha palepale.

Mwisho nilibaki na mbili mkononi, zote za BTU 9,000. Ya laki saba na ishirini iliandikwa EER 9.2, yaani kipimo cha ubanaji wa umeme, na kikubwa ndicho bora. Ya milioni moja, ambayo ni ya inveta, yaani hupunguza kasi yenyewe badala ya kuzima na kuwaka, iliandikwa EER 3.52. Muuzaji akaniambia, "Dada, angalia mwenyewe, tisa na tatu wapi na wapi? Halafu hii ni rahisi." Alikuwa anaongea kwa nia njema kabisa, maana ndivyo alivyoelewa.

Nikaomba zigeuzwe nisome kile kibati cha ubavuni. Kila mashine inacho, na kinaeleza wati zinazoingia. Ya bei ndogo inakula wati 980, ya inveta wati 750. Hapo nikatoa simu nikapiga hesabu. EER ni ubaridi unaoupata ukigawanya kwa umeme unaoulipia. Wengine wanaupima ubaridi kwa BTU, ndivyo Wamarekani wanavyofanya, na wengine wanaupima kwa wati. Wati moja ni BTU 3.41 kwa saa. Kwa hiyo 9,000 gawanya kwa 980 ni 9.2, sawa na ilivyoandikwa, lakini ukiigeuza kwa wati inakuwa 2.7. Ile ya 3.52 ilishapimwa kwa wati tangu mwanzo, na kwa BTU ingeandikwa 12. Muuzaji aliitazama simu yangu kwa muda, akaandika hesabu ile nyuma ya kitabu chake cha risiti.

Tofauti ni wati 230, na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Kwa saa tisa za usiku ni uniti mbili, kama shilingi 700, na kwa mwezi zaidi ya elfu ishirini. Hiyo ni mashine zikikimbia kwa nguvu zote, jambo ambalo halitokei usiku kucha. Hata hivyo niliona laki mbili na themanini za ziada zitarudi ndani ya misimu mitatu ya joto, nikalipa.

Kwenye stika za Ulaya kuna pia SEER, yaani EER ya msimu mzima, inayopimwa kwa kuchanganya siku za joto kali na za joto la wastani za huko kwao. Inafaa kulinganisha mashine mbili za stika hiyohiyo. Ila mimi niliamini zaidi EER ya kawaida, kwa sababu hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, na hilo linafanana na mchana wetu wa Januari kuliko majira ya London.

Siku ya kufunga nilimsimamia fundi avute hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakumu kabla ya kufungulia gesi, kwani hewa na unyevu vikibaki humo mashine inakula umeme zaidi. Mashine ya nje tuliiweka nyuma ya nyumba, kivulini, upande usiopigwa na upepo wa chumvi. Vioo vya luva nilivibandika plastiki, maana vilikuwa vinapitisha hewa kama chekecheo.

Kisha nikaanza kuandika LUKU daftarini, saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Bila kiyoyozi, friji na pangaboi vilikula uniti 1.2. Kiyoyozi kikiwa nyuzi 26, zilikuwa 4.1. Usiku mmoja mpwa wangu alishusha hadi 20, zikapanda hadi 6.8, na Mama aliamka amejifunga vitenge viwili.

Sasa rimoti inakaa chini ya mto wake, kwenye 26. Asubuhi nikitoka kusoma mita huniuliza kutoka chumbani, "Leo tumekula ngapi?" Namwambia nne na kidogo. "Basi," anasema, anageukia ukutani na kuendelea kulala.