Barua zinaingia lakini hazitoki: nilivyotatua kosa la uthibitishaji kwenye simu

Simu yangu iliendelea kupokea barua pepe kama kawaida, lakini kila barua niliyoiandika ilikwama miongoni mwa zile zinazosubiri kutumwa, na papo hapo likatokea onyo kwamba seva ya kutuma imekataa jina la mtumiaji au nenosiri. Anwani yenyewe ni ya kikazi, na mipangilio yake huwekwa kwa mkono. Ushauri unaotolewa haraka katika hali hii ni kufuta akaunti na kuiweka upya. Ushauri huo sikuufuata, kwa sababu mbili: akaunti ikiwa ni ya POP, yaani utaratibu unaoshusha barua kwenye simu na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, kuifuta kunaweza kuondoa barua ambazo hazipo tena kwenye seva, na hata tatizo likiisha, mtu hubaki hajui lilikuwa wapi.

Jambo lililoniongoza ni kwamba kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti. Barua zinazoingia hufuata utaratibu wa IMAP (unaoacha barua kwenye seva) au POP, na zinazotoka hufuata utaratibu wa kutuma uitwao SMTP, mara nyingi kupitia seva yenye jina lake, namba yake ya poti (mlango ambao simu huunganishwa nao) na nafasi yake ya kuhifadhi nenosiri. Utaratibu wa SMTP ulipochapishwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kumtaka mtumaji ajitambulishe; uthibitishaji uliongezwa baadaye, na kiwango chake kikatolewa mwaka 1999. Nadhani ndiyo maana hadi leo baadhi ya simu huonyesha jina na nenosiri la seva ya kutuma kama vitu visivyo vya lazima, ilhali karibu kila mtoa huduma huvidai. Kwa hiyo barua kuingia vizuri hakuthibitishi lolote kuhusu upande wa kutuma.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, nilinakili maneno ya barua iliyokwama, nikayahifadhi kama rasimu, kisha nikaiondoa barua hiyo kwenye foleni. Hatua hii hupuuzwa sana. Barua ikiachwa hapo, simu huendelea kujaribu kuituma kimyakimya, kila mara kwa taarifa zilezile zilizokataliwa, na seva nyingi huifungia kwa muda anwani ya mtandao (IP, si ya barua pepe) inayokosea kuingia mara kwa mara. Baada ya hapo niliingia kwenye akaunti hiyo kwa kivinjari, na nenosiri likakubaliwa. Nilikuwa nimelibadilisha muda mfupi kabla, na programu ya barua ilikuwa imeniomba jipya. Kumbe ilikuwa imelihifadhi upande wa kupokea tu, huku upande wa kutuma ukibaki na lile la zamani. Kwa kuwa nenosiri huonekana kama vitone, hakuna kinachoonyesha tofauti hiyo.

Nilifungua mipangilio ya seva ya kutuma, nikafuta kila kitu katika nafasi hizo mbili na kuandika upya kwa herufi, bila kubandika, kwa maana kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi tupu mwishoni au kuanza na herufi kubwa. Jina la mtumiaji niliandika anwani nzima, pamoja na alama ya @ na jina la kikoa linaloifuata, kama mtoa huduma wetu anavyotaka. Nilipojaribu tena, barua bado haikutoka, ila onyo lilibadilika, na hilo lilinipa moyo, kwa sababu kosa jipya mara nyingi lina maana kwamba lile la kwanza limekwisha.

Programu nyingi hufupisha jibu la seva kuwa sentensi moja isiyosaidia, lakini ukigusa maelezo zaidi mara nyingine utaona namba yenye tarakimu tatu, na namba hiyo ndiyo ya kusoma. Ya kwangu ilikuwa imetoka 535, ambayo husema kwamba taarifa za kuingia si sahihi, ikawa 530, ambayo husema kwamba sharti fulani halijatimizwa kwanza, ama kujitambulisha, ama kuanzisha muunganisho uliosimbwa, yaani uliofichwa ili wengine wasiusome. Kwangu ilikuwa hili la pili. Ukiona 550 pamoja na maneno ya kukataa kupeleka barua nje ya kikoa, mara nyingi simu haikujitambulisha kabisa, na swichi ya kudai kuingia katika seva ya kutuma imezimwa.

Akaunti yangu ilikuwa imewekwa zamani kwenye poti 25 bila usimbaji. Poti hiyo hutumiwa zaidi na seva zinapopelekeana barua, na watoa huduma wengi wa intaneti huizuia kwa wateja wao ili kupunguza barua taka. Kwa simu kuna 587, ambayo huanza wazi kisha ikahamia kwenye usimbaji kwa amri ya STARTTLS, na kuna 465, ambayo husimbwa kwa TLS tangu mwanzo. Namba na aina ya usimbaji lazima vilingane: ukichagua 465 pamoja na STARTTLS, simu itasubiri bure, na programu nyingine itakuja kukulaumu kwa nenosiri. Nilichagua 465 na TLS. Ipo pia hiari ya kukubali vyeti vyote vya usalama (vitambulisho ambavyo seva hujitambulisha navyo), ambayo sikuigusa, maana inaweza kumpa nenosiri lako mtu aliyejiweka katikati ya simu na seva. Cheti kikikataliwa, hakikisha kwanza kwamba jina la seva ndilo lililoandikwa kwenye cheti, na kwamba tarehe ya simu ni sahihi.

Barua ilitoka nilipotumia data ya simu, lakini kwa Wi-Fi muunganisho haukufunguka. Hapo niliacha kubadilisha chochote, kwa kuwa mpangilio unaofanya kazi kwenye mtandao mmoja hauwezi kuwa na nenosiri baya kwenye mwingine. Seva ilikuwa bado imeifungia anwani ya mtandao wa Wi-Fi kutokana na majaribio ya awali, na baada ya kusubiri ikafunguka yenyewe.

Wanaotumia Gmail kwenye programu isiyo ya Google wana sababu nyingine ya kukagua. Kwa akaunti za binafsi, Google ilitangaza kuacha kuanzia tarehe 30 Mei 2022 kuzikubali programu zinazoingia kwa nenosiri la kawaida pekee. Programu mpya hufungua ukurasa wa Google wa kuingia, na ya zamani huhitaji nenosiri la programu lenye herufi 16, ambalo hupatikana baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, na ambalo hufutwa unapobadilisha nenosiri kuu.

Majaribio yangu ya mwisho niliyatuma kwa anwani ya mtoa huduma mwingine. Seva inaweza kupokea barua iendayo kwa mtu wa kikoa kilekile bila kumtaka mtumaji ajitambulishe, hivyo barua ikimfikia mwenzako wa ofisini, uthibitishaji wako bado haujajaribiwa.