Siku moja maishani mwangu: Forester ya Afande na moshi wa buluu

Saa 12:20 asubuhi

Nimefika gereji kabla jua halijatoka, hapa Ndeeba, kando ya barabara ya Masaka. Kwa kawaida nafungua saa mbili. Leo nimewahi kwa ajili ya Subaru Forester ya 2004, lita 2.0, yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi), iliyolala hapa tangu jana jioni. Kwenye usukani nilibandika karatasi: USIWASHE. Ufunguo nilikwenda nao nyumbani, kwa sababu vijana hupenda kusogeza magari usiku wakitafuta nafasi, na mtu akiliwasha hata dakika moja tu, ushahidi wote umeungua. Ugonjwa wake, moshi wa buluu, unaonekana mara moja tu kwa siku, injini ikiwashwa baridi.

Nagusa injini: baridi kabisa. Dipstiki inaonyesha oili kati ya alama mbili, haikuzidishwa. Uwanja wetu ni tambarare, nalo ni jambo la maana kwa Subaru, kwani silinda zake zimelala ubavu. Ukiegesha kwenye mteremko, oili kidogo hujikusanya upande mmoja na asubuhi gari likatoa pumzi ya buluu bila kuwa na ugonjwa wowote.

Saa 12:40

Kijana wangu wa kazi, mzaliwa wa Bunia, amesimama nyuma ya gari na simu, anarekodi. Nawasha, naanza kuhesabu kwa sauti.

Sekunde tano, hakuna kitu. Kumi, mvuke mweupe wa asubuhi, unapotea hapo hapo hewani. Ishirini. Thelathini. Kwenye thelathini na tano kijana anapaza sauti: "Bosi, inakuja!" Nateremka nione mwenyewe. Uzi mwembamba wa buluu unatoka kwenye ekzosi, unanenepa, na baada ya dakika moja umekuwa wingu linaloning'inia juu ya uwanja na kukataa kuondoka. Harufu ni ya oili iliyoungua, kali, inashika koo. Dakika ya nne unapungua. Ya tano, umekwisha.

Hizo sekunde thelathini na tano ndizo nilizoamkia. Sili za valvu, vile vizibo vinavyozuia oili isiingie ndani ya silinda, zikichoka, oili hudondoka usiku kucha ndani ya silinda, kwa hiyo moshi hutoka papo hapo injini inaposhika, kisha hukatika upesi. Huu ulingoja. Ulingoja mpaka ekzosi ipate moto. Maana yake oili hii huenda haikulala ndani ya silinda; imelala mbele zaidi, huko moshi unakopita, na inaungua pale chuma kinapopata joto.

Hiyo bado ni dhana. Siwezi kumtoza mtu pesa kwa dhana.

Saa 2:30

Mwenye gari amefika na boda. Ni mwanajeshi mstaafu, na sisi sote hapa twamwita Afande.

"Jambo, Afande."

"Jambo, fundi. Nipe habari ya mgonjwa."

Namwonyesha video. Anaitazama mara mbili, kimya. Kisha ananieleza upya, na safari hii anataja jambo ambalo jana hakulitaja: turbo ilishabadilishwa. Fundi mmoja alimwambia imekufa, akamfungia nyingine ya mtumba. Moshi ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Fundi huyo huyo akasema basi ni injini, itafutwe injini nzima. Afande alikuwa ameanza kuuliza bei ya kiwanja chake.

Jambo hilo limeniuma. Mtu anauza ardhi kwa sababu hakuna aliyesimama nyuma ya gari lake na kuhesabu.

Saa 3:00

Tunaanza na plagi. Kwenye Forester plagi hazifikiki kirahisi: upande mmoja unatoa betri na kichupa cha maji ya waipa, upande wa pili unatoa boksi la hewa, kisha unaingiza mkono na kugeuza spana kwa vidole tu. Injini ina uvuguvugu, ndivyo ninavyopenda. Vichwa ni vya alumini, na ukilazimisha plagi vikiwa na moto unaweza kung'oa nyuzi.

Zote nne zimetoka kavu, rangi ya biskuti. Hakuna iliyolowa, hakuna yenye gamba jeusi la oili.

Natoa fyuzi ya pampu ya petroli, nafunga geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa kila silinda, kijana anakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Paundi 131, 129, 133, 130. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji husoma chini kuliko ingesoma Mombasa. Mimi nawaangalia hawa wanne kama ndugu: wakikaribiana, nyumba ina amani. Ringi, zile pete za pistoni, ni nzima. Injini ya Afande haiendi popote.

Saa 5:15

Valvu ya PCV, ile inayoipumulia injini. Nimeitoa, nikaitikisa sikioni: inalia tik-tik. Ingeganda, hewa chafu ingejazana chini ya injini na kuisukuma oili kokote ilipo na upenyo. Ni nzima, narudisha.

Kisha intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, na mipira yake. Natia kidole ndani: kinatoka na utando mwepesi wa oili, wa kawaida kwa gari la umri huu. Hakuna dimbwi. Basi turbo haivujishi upande wa hewa.

Saa 7:00

Matoke na maharage, nimekula nimesimama.

Saa 7:30

Sasa turbo yenyewe. Kazi hii ni ya jasho: kifuniko cha joto kina boliti zilizoshikwa na kutu, mbili tumezipasha moto ndipo zikakubali. Turbo imetoka saa nane na robo.

Naishika mkononi karibu na mlango, kwenye mwanga. Mhimili wake unacheza kidogo sana kushoto na kulia, kama inavyotakiwa. Nauvuta na kuusukuma mbele na nyuma: hauchezi. Feni hazijagusa ukuta. Kitu hiki huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hiki cha mtumba bado kina afya. Lakini upande wa moshi, pale moshi unapotokea, kumelowa oili nyeusi inayong'aa. Nageuka kwenye bomba linalouleta moshi kutoka kwenye injini: kavu, masizi matupu. Oili inazaliwa hapa katikati.

Basi kwa nini turbo nzima ivuje? Sili zake ni pete ndogo za chuma, hazizuii oili kama mpira unavyozuia. Oili huingia kwa presha kupitia kibomba chembamba, kisha hushuka yenyewe, bila pampu, kwa bomba pana la chini linaloirudisha kwenye injini. Bomba hilo likiziba, kinatokea kile kinachotokea kwenye karo la jikoni: oili inapanda, inazidi mhimili, na ukizima gari inajipenyeza taratibu usiku mzima.

Nafungua kibomba cha kurudishia. Kijana anamulika na simu. Ndani ya mdomo wake kuna donge jekundu la silikoni, gundi ya kuzibia, laini, kubwa kama punje ya hindi, limeacha mwanya wa kupitisha penseli. Aliyefunga turbo alipaka silikoni kwenye gasketi, ikabanwa, ikafurika ndani. Na mpira wa chini umekauka kama mti.

Nimempigia Afande. Alinyamaza, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo kiwanja kinabaki."

Saa 9:30

Kijana amekwenda soko la vipuri la Kisekka kutafuta gasketi na mpira mpya, ule wa kuhimili oili na joto. Mimi nasafisha kila kitu, pamoja na kichujio kidogo kilichojificha ndani ya boliti ya kuingizia oili. Hicho kikiziba, turbo hufa kwa kiu, na wengi hawajui hata kama kipo.

Saa 11:20 jioni

Tumefunga. Gasketi kavu, bila silikoni. Kabla ya kuunga kibomba cha juu nimemimina oili ndani ya turbo na kuizungusha kwa vidole, kisha tumepiga stata bila petroli hadi taa ya oili ikazimika.

Tumewasha. Moshi umetoka mwingi, na nilikuwa nimemwonya Afande: ekzosi bado imelowa oili ya zamani. Tumekwenda mpaka Busega na kurudi, na tulipofika Nateete wakati wa kurudi kioo cha nyuma kilikuwa safi.

Saa 1:10 usiku

Afande alitaka kuondoka nalo. Nimekataa. Gari la moto halijibu swali la gari la baridi. Tumeliegesha pale pale, dipstiki nimeisoma na kuandika kiwango kwenye karatasi, karatasi nimeirudisha juu ya usukani. Ufunguo uko mfukoni. Kesho saa 12:40 Afande mwenyewe atasimama nyuma, na mimi nitahesabu.