Nilivyopatanisha Ardour na Firefox kwenye Debian 12

Nilipofungua Ardour, programu ya kurekodia sauti, kwenye Debian 12 (aina ya Linux), kivinjari cha Firefox kilinyamaza. Nilipoanza na Firefox, Ardour iligoma, ikidai kadi ya sauti inatumika. Kadi yangu ya USB ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba Ardour ilikuwa inatumia ALSA, sehemu ya Linux inayoendesha kadi za sauti, moja kwa moja, na kwa njia hiyo inaishika kadi peke yake.

Ukitaka kujua programu iliyoishika, andika kwenye terminali `fuser -v /dev/snd/*`. Kwangu jina la programu lilitokea mbele ya `pcmC1D0p`. C1 ni kadi ya pili, maana hesabu huanzia 0. D0 ni kifaa cha kwanza ndani yake. P ya mwisho ni njia ya kutolea sauti. Ingekuwa c, ni njia ya kuingizia.

Dawa ni kuiachia kadi PipeWire, programu inayogawa sauti kwa programu nyingine, programu zote zipitie kwake. Debian 12 yenye GNOME inakuja nayo, ila upande wa JACK, mfumo wa sauti unaotumiwa na programu za kurekodi kama Ardour, unauongeza mwenyewe: `sudo apt install pipewire-jack`. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kifurushi kimeingia lakini programu bado zinaita maktaba ya JACK ya zamani. Unaweza kuanzisha kila programu kwa `pw-jack`, mfano `pw-jack ardour`. Mimi nilimaliza kazi mara moja: nilinakili faili la pipewire-jack lililomo `/usr/share/doc/pipewire/examples/ld.so.conf.d/` nikalipeleka `/etc/ld.so.conf.d/`, kisha `sudo ldconfig`. Ndani ya Ardour nikachagua JACK badala ya ALSA. Zote mbili zikasikika kwa pamoja.

Ikabaki sauti kuchelewa. Fungua `pw-top`, tazama safu ya QUANT, yaani ukubwa wa bafa (fungu la sauti linalosubiri kupitishwa). Sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1024 kwa kasi ya 48000 kwa sekunde ni milisekunde 21 kwa kila bafa, na mwimbaji aliyevaa hedifoni anaisikia tofauti hiyo waziwazi. Nilishusha hivi:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Ikawa chini ya milisekunde 3, lakini safu ya ERR, hesabu ya makosa, ikaanza kupanda na mikwaruzo ikaingia. Kwa 256, yaani milisekunde 5.3, ERR ilitulia, hasa baada ya kutoa kadi kwenye habu ya USB na kuichomeka kwenye kompyuta yenyewe. Usikimbilie namba ndogo kama prosesa haimudu. Mkwaruzo uliokwisha kurekodiwa ni kazi kubwa kuuondoa.

Ukimaliza kurekodi, rudia amri ileile ukiweka 0 mahali pa 256, PipeWire ijipangie bafa yenyewe.