Mtondogoo ulivyonipatia wenzangu wa falsafa

Naandika haya kwa hasira kidogo, maana kila niliyemwambia natafuta watu wa kujadiliana nao falsafa ngumu alinijibu, "Nenda chuo kikuu." Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Chuo gani kitanipokea saa mbili usiku, nimeshafunga hesabu za saruji, nikae nibishane kama wakati upo kweli au tumeubuni?

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi: "Tangaza tu, watu wapo." Nikatangaza. Nikakodi chumba cha mikutano kwenye nyumba ya wageni, elfu themanini hivi, na sambusa na soda zikala kama hamsini nyingine. Watu kumi na wanne waliniapia watakuja. Nikapanga viti ishirini, kwa kujiamini.

Wakaja watatu. Wa kwanza, kijana wa tai, alinivumilia dakika kumi nikimweleza Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na kitabu chake cha 1781, kisha akauliza kwa upole, "Sasa kaka, mtu akiingiza wenzake wawili anapata asilimia ngapi?" Wa pili, mama mmoja mwenye Biblia, alidhani ni maombi. Alikula sambusa nne, akaniwekea mkono kichwani akaniombea, akaenda zake. Wa tatu alibaki mpaka mwisho, tena akiandika kila kitu kwenye daftari. Nikajisemea, huyu ndiye! Nilipofunga akanisogelea: "Mwezeshaji, fomu ya kusaini posho iko wapi?" Nikampa elfu tano ya nauli kwa aibu. Sambusa zilizobaki tulizila nyumbani siku mbili, na mke wangu mpaka leo akiona sambusa huziita za Kant.

Sasa, hatua chache kutoka dukani kuna kijiwe cha kahawa, mabenchi mawili na sinia la kashata. Miaka yote nilikipita nikiwaona wale ni wapiga soga wa mpira. Jioni moja nilikaa na kitabu cha John Mbiti, yule mchungaji wa Kenya, kile cha 1969, pale anapodai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao karibu haupo. Kuna uliopo na uliopita mrefu, na majina akayachukua kwenye Kiswahili chetu, Sasa na Zamani. Neno falsafa sikulitamka. Nilisema tu, "Jamani, kuna msomi anasema sisi hatuna kesho."

Kikanuka.

"Hatuna kesho? Na mtondogoo je?" Fundi viatu aliinua vidole vinne vyenye gundi. "Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne zina majina yake, halafu mtu anasema hatuoni mbele!"

Kijana wa bodaboda akasema hajawahi kulisikia neno hilo tangu azaliwe, na kama limeshakufa basi huenda msomi kasema kweli. Mzee fundi akamsahau Mbiti, akamgeukia kijana.

Ndipo mwalimu mstaafu, ambaye mimi nilimjua kwa kununua misumari tu, akaweka kikombe chini. "Huyo bwana alichunguza lugha ngapi?" Nikamwambia mifano yake ya vitenzi ni ya Kikamba na Kikuyu. "Mbili! Kisha akaisemea Afrika nzima?" Akanywa, akaendelea. "Lakini sikilizeni. Tunasema atakuja. Haya, yule atakayekuja. Hiyo -taka- imetoka wapi kama si kwenye kutaka?"

Fundi akanyamaza kitambo, sindano hewani. "Kumbe kesho yetu ni kutaka tu, mwalimu. Siku yenyewe haipo."

"Mzee," bodaboda akacheka, "umeshamkubali msomi wako."

Miaka saba nilikuwa nabishana na ukuta wa stoo, na sikuwahi kufika hapo.

Kitabu chenyewe usipeleke. Changu kilifanywa kisahani cha kashata siku ya pili. Mimi huandika nusu ukurasa kwa Kiswahili, kwa mkono, nikatoa kopi tano, gharama yake mia kadhaa tu. Ujanja huo ni wangu na ninajivunia, ingawa ndio ulioniumbua: tulipofika kwa Kant mwenyewe kuna neno lake, Anschauung, ambalo kwa Kijerumani linatokana na kutazama. Niliandika "hisi". Mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu, nadhani alistaafu nayo. "Maono" tukawaachia manabii, "mtazamo" wanasiasa. Wiki ya tatu tukaafikiana "utazamaji", na hakuna anayelipenda, maana bodaboda anasema linanuka televisheni.

Aliyelalamika ni muuza kahawa: watu saa mbili nzima, kikombe kimoja. Akaweka sheria yake kwamba anayetaka kusema mara ya tatu anunue kingine kwanza. Imewanyamazisha wasemaji wote isipokuwa mwalimu, ambaye hufika kikombe cha tano kabla ya isha, na juzi mkewe kaja dukani kuniuliza tunampa nini huko hata halali usiku.