Ami, fataki na kikundi cha wastaafu

Ami yangu mstaafu wa jeshi, alikwenda Kongo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ya 2013, karudi mzima hana hata kovu. Ila usimguse bega kwa nyuma. Idd iliyopita watoto walipasua fataki uchochoroni, yeye yuko barazani, basi sinia la kahawa huko, vikombe huko, na mzee aliyekaa ubavuni mwake keshakabwa kola hata hajui kosa lake nini. Nyumbani wakasema jini. Akasomewa, akanywa kombe, na mie sina ugomvi na kusomewa, lakini haikuchukua siku akamtandika mwanawe makofi eti kabamiza mlango.

Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani, askari waliotoka Vietnam walianza kukaa vikundi wenyewe New York mwaka 1970, madaktari wa akili wakaitwa waje kukaa nao, na hapo ugonjwa wenyewe, huu wa vita kubaki kichwani mtu kesharudi nyumbani, ulikuwa haujapewa jina rasmi la PTSD mpaka 1980. Ipo programu moja ya hasira ilianzia San Francisco, wiki 12, dakika 90 kila kikao, watu wasiozidi kumi hivi. Kila mtu anasema wiki hii hasira yake ilipanda mpaka ngapi, moja mpaka kumi, kumi ndo ushapiga au ushavunja kitu, halafu wanarudi nyuma pamoja, kabla ya hapo mwili ulikwambiaje, taya lilikaza? moyo ulienda mbio? Na ukiona inapanda, kabla hujafika kumi, unatoka nje, ila nyumbani wawe wanajua unatoka na utarudi, sio unasusa.

Kinachonikaa mie ni kwamba kwenye vile vikundi vya askari anayekusikiliza naye alishika bunduki vitani, humdanganyi.

Hapa Unguja wastaafu tele, wanakaa baraza moja kila jioni, karata, bao, Simba na Yanga, ila ya Kongo hayatajwi. Na Kidongo Chekundu, hospitali ya akili, hawaendi, ukionekana pale tu mtaa ushakuita mwehu, neno likitoka Michenzani asubuhi magharibi liko Fuoni. Kwa nini muuguzi asiwafuate, wakakaa kikundi kama hicho kwenye darasa la skuli jioni watoto washatoka? Na wake na watoto wasiambiwe wasubiri hizo wiki 12, anayepigwa aondolewe leo.

Nimemuuliza ami kama angekwenda. Kaniambia, "Ntakwenda, lakini asiwepo kijana na daftari."