Hiyo kozi ninayoitaka Kenya haiko

Kila nikisema nataka kuuguza watu wenye ulemavu wa akili naulizwa yaleyale, kwani unaenda kuchunga vichaa? Wengine nao, si basi ungekuwa tu ticha wa shule spesheli. Wacha niseme mara moja niachwe. Ugonjwa wa akili unaweza kukupata ukiwa na miaka 40 na kazi yako ya benki, utibiwe, upone. Ulemavu wa akili unaanza utotoni ama hata tumboni, mtu anachukua muda zaidi kuelewa vitu na kujifanyia mambo yake, na hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini huyo mtu bado ana masikio, meno, tumbo na moyo, na hivyo ndivyo vinaugua bila mtu kuuliza.

Mimi nasomea uuguzi wa kawaida hapa Kisumu, juu manesi wa magonjwa ya akili tuko nao lakini tawi la kuuguza wenye ulemavu wa akili hatuna. Binti ya shangazi anaisomea Uingereza, huko ukijiunga unachagua kati ya matawi 4, watu wazima, watoto, afya ya akili ama hili langu, miaka 3 unatoka na digrii. Yeye ndiye hunitumia noti kwa WhatsApp. Kwetu upande wa masomo angalau watu wenye ulemavu walifikiriwa mapema, vituo vya EARC vya kupima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shule vilianza 1984, hospitali ndio bado.

Sasa sikia hii niliyoona nikiwa atachimenti (jina la hospitali silitaji). Kijana ana Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayokuja na ulemavu wa akili, ndevu zimeshaanza, mama yake amemleta ati siku hizi amekuwa mkali, hataki kula wala kulala, anajipiga makofi upande mmoja wa kichwa. Daktari wa zamu akaangalia kadi tu, "mama, hawa ndio huwa hivyo," akaandika dawa ya kumtuliza. Hata hakumgusa! Sista mmoja wa makamo akamvuta kijana kando, akampa ile taa ya kuangalia masikio aishike, akamwacha amulike sikio la sista mwenyewe, halafu la mama yake, ndio akamwambia haya sasa ni zamu yako. Sikio la kushoto limejaa usaha. Wenye Down njia ya sikio huwa nyembamba, nta inaziba haraka, infekshoni zinarudirudi, na hii iko kwa vitabu vyetu. Karibu nusu yao pia huzaliwa na shida ya moyo, na thairoidi, ile tezi ya shingoni, nayo huwasumbua sana, kwa hivyo mtu akilegea ghafla ama akianza kunenepa usikimbilie kusema ni hali yake.

Hiyo ndio kazi ninayoitaka. Kule Uingereza wenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14 wanaitwa kupimwa mwili mzima kila mwaka, na wengi wana kijitabu cha kubeba hospitali, anaongea vipi, nini kinamwogopesha, akiumwa anafanya nini. Kijitabu jamani, hakitaki hata bajeti ya kaunti. Nimeanza kutengeneza changu, Kiswahili upande mmoja na Dholuo upande wa pili, na picha ya mashine ya presha na ya sindano, naprinti kwa saiba Kondele. Lekchara amekipenda ila amesema siwezi kugawa wodini bila kibali, kwa hivyo saa hii barua yangu imelala kwa meza ya mtu na mimi nampigia sekretari wake kila Jumatatu.